Machungwa thelathini na moja

Mwaka 2007 nilikuwa nasomesha hesabu Kidato cha Pili katika skuli moja ya serikali hapa Unguja. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na ile dharau ya ujana: niliamini wanafunzi wanachukia asilimia kwa sababu vitabu vimejaa mifano ya kipuuzi. Duka limepunguza bei ya mashati. Mkulima kavuna magunia kadhaa, panya wakala robo. Nani anajali? Basi Jumatatu moja nikaandika ubaoni:

Chama A kimepata kura 87,085. Chama B kura 47,950. Chama C kura 25,609. Viti ni 31. Tafuta asilimia ya kura za kila chama, kisha wagawie viti kwa asilimia hizo.

Sikuhitaji kumhimiza mtu. Baada ya robo saa majibu yalikuwa mezani: A 54.2, B 29.8, C 15.9. Kijana mmoja wa nyuma akalalamika kuwa jumla imekuja 99.9 na akataka kujua ile sehemu ya kumi iliyobaki kala nani. Tukacheka, tukaendelea. Viti vikatoka 17, 9 na 5, jumla 31, safi kabisa. Hapo nikageuka nikaandika chini yake, kwa chaki nyekundu, viti walivyopata kweli: 13, 12, 6.

Darasa likanyamaza. Msichana wa safu ya tatu, ambaye kwa kawaida hufungua mdomo kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji tu, akanyoosha mkono. “Mwalimu, umekosea wewe au wamekosea wao?”

Sikupata nafasi ya kumjibu. Mwalimu mkuu alikuwa akipita kwenye ukumbi wa nje, akachungulia dirishani kama alivyozoea, na nikamwona anasoma ubao mstari kwa mstari. Hakusoma kama mtu anayekutana na hesabu ngeni. Alisoma kama mtu anayekutana na jirani wa zamani aliyegombana naye. Saa ya mapumziko akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia bila ukali: “Kijana wangu, hesabu somesha. Hayo mengine yaache barazani.” Kisha akaniuliza kama ubao nimeshaufuta.

Wala sikuwa nimewaambia wanafunzi vyama hivyo ni vipi. Lakini wewe msomaji, kama umelelewa Unguja au Pemba, umeshavijua. A ni Afro-Shirazi. B ni Hizbu, yaani ZNP, chama cha jogoo. C ni ZPPP ya Muhammad Shamte. Uchaguzi ni wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru. Waliopata asilimia 54 ya kura wakakaa upinzani na viti vyao 13, na vyama viwili vilivyogawana asilimia 46 vikaunda serikali ya mseto kwa viti 18. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa. Ilikuwa na umri wa mwezi mmoja na siku mbili.

Nijibu swali la yule msichana sasa, maana limenikaa kifuani miaka yote hii: sikukosea mimi, na kwa sheria ya wakati ule hawakukosea wao. Hakuna aliyehitaji kuiba hata karatasi moja ili matokeo yatoke vile. Utaratibu wenyewe ndio uliotoa jibu hilo, na ulitoka kwa Mwingereza, ambaye nchini kwake anautumia mpaka leo.

Utaratibu unakwenda hivi. Nchi inakatwa vipande, kila kipande kinaitwa jimbo, na kila jimbo lina kiti kimoja. Anayeongoza, hata kwa kura moja, anachukua kiti. Anayeshindwa, hata kwa kura moja, anarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa fikiria chama chenye wafuasi waliorundikana sehemu moja. Kule Ng'ambo na sehemu nyingi za Unguja, Afro-Shirazi ilikuwa ikishinda kwa milima ya kura. Lakini mlima wa kura na kichuguu cha kura vinaleta kiti kilekile kimoja. Zile za ziada hazina pa kwenda. Huwezi kuzipakia kwenye mashua ukazipeleka Pemba, ambako mwenzio anashinda kwa vichuguu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Ukipiga hesabu ya bei, kila kiti cha Afro-Shirazi kiligharimu kura kama 6,700. Kila kiti cha mseto kiligharimu kama 4,090. Bidhaa ni hiyo hiyo na soko ni hilo hilo, lakini bei ni mbili.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Januari 1961, wanawake wakipiga kura kwa mara yao ya kwanza, viti vilikuwa 22: Afro-Shirazi 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakapasuka, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Sisi watu wa hesabu tuna maneno mazuri tuliyorithi: shufwa na witiri. Ishirini na mbili ni shufwa, inagawanyika katikati bila kubakisha kitu, na bahati mbaya ikagawanyika kweli. Cha kukosesha usingizi zaidi ni kwamba jimbo la Chake Chake lilikuwa limechukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Mtu mmoja. Labda alikuwa na homa akaamua kwenda hivyo hivyo, au mwenzake wa upande wa pili alikwenda shamba akachelewa kurudi. Angekuwa mmoja zaidi au mmoja pungufu, huenda kusingekuwa na sare, na pasingekuwa na haja ya uchaguzi wa pili.

Wakaongeza jimbo moja ili jumla iwe witiri, 23, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo. Safari hii 10, 10 na 3. Wale watatu wakaenda wote upande mmoja, na Shamte, ambaye chama chake kilikuwa na viti vitatu katika ishirini na tatu, akawa waziri kiongozi. Siku za uchaguzi ule watu 68 waliuawa katika vurugu.

Bibi yangu alikuwa akiita kipindi kile “wakati wa siasa”, kwa sauti ile ile ambayo wazee wengine hutumia kusema wakati wa ndui. Nilipokuwa mdogo nilidhani siasa ni maradhi yaliyopita yakaisha. Alinisimulia duka alilokuwa akinunua sukari tangu msichana, halafu siku moja akaambiwa na wenziwe asikanyage tena kwa sababu mwenye duka ni wa chama kile. Akanisimulia maziko ambayo nusu ya mtaa haikwenda. Kwetu sisi, kutokwenda maziko si jambo dogo. Unaweza kugombana na mtu miaka kumi na bado ukabeba jeneza lake.

Sitaki kumdanganya mtu hapa. Siwezi kusema Mapinduzi yalitokana na hesabu ya majimbo peke yake. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na karafuu na nani anamiliki mikarafuu na nani anaichuma, kulikuwa na rangi na asili za watu, kulikuwa na askari polisi wa kutoka Bara walioachishwa kazi wakabaki mitaani na hasira zao. Wanahistoria wanagombana na wana haki ya kugombana. Ninachosema ni kidogo zaidi: katika nchi yenye moshi kila kona, kumwambia mwenye asilimia 54 kwamba ameshindwa ni kumpa kiberiti.

Ndipo ninapotofautiana na wazee wengi wa pande zote mbili. Upande mmoja husema mseto ule ulikuwa hila. Upande wa pili husema ulikuwa serikali halali iliyochaguliwa. Mimi nasema ulikuwa halali, na bado haukuwa na haki, na mambo hayo mawili yanaweza kulala kitanda kimoja. Kuungana kwa vyama viwili si dhambi. Hata neno lenyewe tumelitoa jikoni: mseto ni mchele na choroko katika sufuria moja. Bibi alikuwa hodari wa mseto, na sharti lake lilikuwa moja. Choroko ichemshwe kwanza peke yake mpaka ilainike, ndipo mchele uingie. Ukivitia pamoja kwa haraka, wali unaiva, choroko inabaki changarawe, na anayekula anang'ata jino. Wazee wetu walilaumu chakula. Hawakuuliza vipimo vilitoka wapi.

Turuke miaka. Vyama vingi vikarudi, na mwaka 1995, katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, visiwa vikapasuka tena katikati: Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8. Mwaka 2000 mambo yakawa mabaya zaidi, na Januari 2001 watu wakauawa, wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda kuomba hifadhi Shimoni, Kenya. Muafaka uliosainiwa 1999 ulikuwa umevunjika, ukasainiwa mwengine. Mwaka 2005 tena. Kila miaka mitano tulikuwa tukinunua unga na mafuta ya taa ya kutosha mwezi mzima, kama watu wanaosubiri kimbunga.

Halafu Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu, wakapeana mikono, na ghafla kila mtu akaanza kutumia neno maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa. Chama kitakachoshika nafasi ya pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Chama cha Rais kitatoa Makamu wa Pili. Wizara zitagawanywa kwa kadiri ya viti vya kila chama katika Baraza la Wawakilishi. Jina lake Serikali ya Umoja wa Kitaifa, SUK.

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka ule nilikuwa karani, kama walimu wengi. Kituo kilikuwa darasa. Madawati tuliyapanga kama kaunta ya duka, mawakala wa vyama wakakaa upande wa ubao, na jioni tukaanza kuhesabu kwa mwanga wa taa mbili za chemli, maana umeme ulikuwa na desturi zake. Ukishika karatasi unainyanyua juu, kila wakala aione, unataja jina, unaiweka kwenye rundo lake, na juu ya kila rundo tulikuwa tumeweka kipande cha tofali upepo usije ukafanya uchaguzi mwengine. Mkono unachoka. Baada ya karatasi mia mbili unajikuta unatamka majina kama mtu anayesoma nyiradi.

Saa tatu kasoro hivi nikanyanyua karatasi moja, nikafungua mdomo, nikanyamaza. Mpiga kura alikuwa ameweka alama ya vema kwenye picha ya Shein wa CCM, na alama nyengine ya vema kwenye picha ya Maalim Seif. Si mkwaruzo wala wino uliovuja, ni vema mbili nzuri zilizokaa sawasawa, kazi ya mkono uliotulia. Mawakala wakasogea. Wa CCM akasema alama ya kwake imekolea zaidi. Wa CUF akasema ya kwake ndiyo iliyotangulia, kana kwamba alikuwepo ndani ya kile kijibanda. Wakabishana kidogo, kisha wakala mmoja mtu mzima, aliyekuwa hajasema neno tangu magharibi, akaiangalia ile karatasi akasema: “Huyu keshaunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa peke yake.”

Tulicheka mpaka askari wa mlangoni akaingia kuangalia kuna nini. Halafu nikafanya nilichotakiwa kufanya. Nikaiweka kwenye rundo la kura zilizoharibika.

Nimeifikiria karatasi ile mara nyingi kuliko zote nilizohesabu usiku ule. Siku moja nchi ilikuwa imesema ndiyo kwa mseto, na mtu mmoja, mmoja tu katika kituo changu, akayachukulia maneno hayo kwa ukweli akaenda kuupigia kura. Na kura yake haikuhesabika, kwa sababu mseto wetu haupigiwi kura. Kwanza unamenyana, unamaliza, halafu wakubwa wanakaa mezani.

Matokeo yakatangazwa katika hoteli ya Bwawani: Shein 179,809, Maalim Seif 176,338. Tofauti ni 3,471, wachache kuliko watu wanaojaa Forodhani usiku wa Idi. Asilimia 50.1 kwa 49.1. Maalim akakubali, wakapeana mikono, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe unga tulionunua ukabaki.

Nitakuwa mnafiki nikisema SUK haikuleta kitu. Miaka ile mitano ilikuwa na utulivu wa kipekee. Watu wa bendera mbili walirudi kwenda maziko pamoja. Mtu wa Pemba alimwona mtu wake kwenye gari la waziri, na hilo peke yake lilikuwa dawa, hata kama gari halikusimama kijijini kwake. Nililaumu pia, wakati ule ule. Waziri wa chama hiki anawasilisha bajeti, waziri wa chama kile anaiunga mkono, basi nani aulize fedha zimekwenda wapi? Wapo wawakilishi wa viti vya nyuma waliojaribu. Lakini ni vigumu kubweka wakati kaka yako yuko ndani anakula.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kitu ambacho barazani hakuna aliyekizungumza. Tulikubali kugawana wizara kwa uwiano wa viti, lakini viti vyenyewe tukaviacha vitoke kwa kanuni ile ile ya 1963. Mwaka 2010 CUF ilichukua majimbo yote 18 ya Pemba na manne ya Unguja, CCM ikachukua 28 yaliyobaki. Ukitazama jumla, 28 kwa 22 si dhuluma kubwa. Lakini itazame kwa jicho la mtu mmoja mmoja. Mwana CCM wa Pemba, naye yupo, nawajua, hakuwa na mwakilishi hata mmoja aliyetokana na kura yake kisiwa kizima. Mwana CUF wa kusini Unguja vivyo hivyo. Ramani ilituonesha visiwa viwili vya rangi mbili, wakati watu wenyewe ndani ya kila kijiji walikuwa wamechanganyika kama mseto wa bibi. Majimbo ndiyo yaliyotupaka rangi.

Na tulichokijenga juu ya kiti kimoja cha urais kilikuwa chepesi kuanguka. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akatangaza kufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusa, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Na hapo katiba ikaonesha kifungu ambacho wengi hatukukisoma vizuri: ili chama kitoe Makamu wa Kwanza, kinahitaji angalau asilimia 10. Hakuna aliyefikisha. SUK ikalala miaka minne bila mtu yeyote kuifuta. Ikaamka Desemba 2020, Maalim Seif akiwa sasa ACT-Wazalendo, akiwa ametangazwa na asilimia 19.87, akaapa kuwa Makamu wa Kwanza kwa mara ya pili. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki dunia. Nafasi ikaenda kwa Othman Masoud Othman.

Jirani zetu wa Kenya wana jina zuri zaidi la kitu hiki: nusu mkate. Februari 2008, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa na mamia ya maelfu kuhama makwao, Kofi Annan aliwakalisha Kibaki na Raila mpaka wakasaini. Baraza likawa na mawaziri 40. Napenda uaminifu wa jina lile, kwa sababu linakubali wazi kuwa mjadala ni wa kula. Mkate ni mmoja, walaji ni wawili, kisu kiko kwa mgeni. Na aliyeupika hakuulizwa.

Sasa nikupeleke Lesotho, maana watu wa huku hatuizungumzi na ingetufaa. Nchi ndogo, imezungukwa na Afrika Kusini kama yai ndani ya bakuli, na ilirithi utaratibu ule ule wa Mwingereza. Uchaguzi wa 1998: chama cha LCD kikapata kura asilimia 60 na kidogo. Ushindi mkubwa. Lakini katika viti 80, asilimia hizo zilikipa viti 79. Chama cha BNP kilipata karibu robo ya kura za nchi nzima na kikapewa kiti kimoja. Kimoja! Watu wakaingia mitaani, Maseru ikaungua, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakavuka mpaka.

Tofauti yetu na wao ni kwamba wao hawakuishia kugawana mawaziri. Waliirudia hesabu. Majimbo 80 wakayaacha, kila mtu abaki na mbunge wake wa kumpelekea shida ya maji, halafu wakaongeza viti 40 vya fidia. Vyama vinatoa orodha, kura za nchi nzima zinajumlishwa, na anayeonekana amepunjwa majimboni anaongezewa mpaka uwiano ukaribie. Uchaguzi wa 2002, BNP ikapata kura pungufu kidogo ya zile za 1998. Viti vyake vikawa 21. Haikushinda, wala haikustahili kushinda. Lakini ilikaa ndani ya bunge badala ya kukaa barabarani.

Usiniambie naipamba Lesotho. Mwaka 2007 vyama vikubwa viliunda urafiki wa ujanja na vyama vidogo, wakaweka watu wao kwenye orodha za wenzao ili wapate viti vya fidia wasivyostahili, na sheria ikabidi irekebishwe. Mwaka 2012 ikaja serikali ya mseto ya vyama vitatu yenye viti 61 kati ya 120, yaani ukimkosa mmoja aliyekwenda msalani, serikali haina wingi. Ikayumba, jeshi likaingilia, waziri mkuu akakimbilia Afrika Kusini, na nchi ikafanya uchaguzi mara tatu ndani ya miaka mitano. Uwiano hauwafanyi watu kuwa wema. Ila nilipoitazama historia yao nikagundua jambo: baada ya kubadilisha kanuni waligombana sana juu ya nani aungane na nani, nani apewe wizara, nani amemsaliti nani. Kelele za kwamba kura za watu zimepotea angani zikapungua. Ni ugomvi wa aina nyengine, na mimi nikipewa nafasi ya kuchagua ugomvi, nauchagua huo.

Afrika Kusini wenyewe wanakwenda kwa uwiano tangu 1994. Mwaka 2024 ANC ikaanguka mpaka asilimia 40.18, ikapata viti 159 katika 400. Chukua kikokotoo uone, wala hutahitaji chaki nyekundu. Ikabidi watafute wenza, wakaungana na chama cha DA na vyengine, na mwananchi aliyeona mseto ule alijua umetoka ndani ya sanduku. Mwaka huo huo, wiki chache baadaye, Uingereza chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Theluthi moja ya kura, karibu theluthi mbili za bunge. Niliposikia nikamkumbuka msichana wa safu ya tatu.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, hunipinga kila tukikutana kwenye kahawa, na hoja yake si nyepesi. Anasema hapa kwetu mbunge akifukuzwa chama anapoteza kiti. Ukileta orodha, anasema, umempa mwenyekiti wa chama kalamu ya kuandika bunge zima nyumbani kwake. Kweli. Viti vya orodha vinamtazama aliyeandika orodha. Ndiyo maana sitaki majimbo yafutwe. Mtu wa Micheweni awe na mtu wake wa Micheweni. Ninachotaka ni sehemu ya fidia, kama Lesotho, na orodha itangazwe kabla ya kura ili tuijue.

Na asiniambie mtu kwamba uwiano ni kitu cha kigeni kwetu. Viti maalumu vya wanawake katika Bunge la Muungano vinagawiwa vipi? Kila chama kilichofikisha asilimia 5 ya kura za ubunge kinapata kwa kadiri ya kura zake. Kura ya mtu wa Mtwara na ya mtu wa Wete zinajumlishwa pamoja, hakuna inayomwagika njiani. Kanuni tunayo na imeandikwa kwenye katiba. Tumeiweka mlango wa uani.

Kuhusu urais sina jibu zuri. Kiti kimoja hakigawanyiki, na nchi ya nusu kwa nusu itaumia tu, labda mpaka siku mamlaka ya kiti chenyewe yatakapopunguzwa ikawa kukikosa si msiba. Pengine hapo ndipo SUK ingepata kazi yake ya kweli. Lakini Baraza la Wawakilishi halina udhuru huo. Viti hamsini vinagawanyika.

Nimalizie kisa cha skuli. Nilifuta ubao kama nilivyoambiwa. Wiki iliyofuata ilikuwa na mtihani wa mwezi, nikakaa usiku nikiandika maswali, na swali la saba likatoka hivi: Wanunuzi watatu wamechanga fedha kununua machungwa 31. Wa kwanza ametoa shilingi 87,085, wa pili shilingi 47,950, wa tatu shilingi 25,609. Kila mmoja apate machungwa mangapi?

Mwalimu mkuu hupitia mitihani yote kabla haijapigwa chapa. Akaisoma yangu mbele yangu, akafika namba saba, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Akauliza, “Machungwa yamekuwa ghali hivi?” Nikasema msimu umekwisha. Akatia saini.

Yule msichana alijibu vizuri, hatua kwa hatua, akapigia mstari chini: 17, 9, 5. Halafu, pembeni, kwa penseli nyepesi ya mtu anayetaka kuweza kuifuta haraka, akaandika: lakini watapewa 13, 12, 6.

Nikampa kumi kwa kumi.